Kasha la kompyuta ndogo yenye diski nyingi: jinsi ya kulipata Nairobi

Ingia duka lolote la kompyuta Luthuli Avenue au Moi Avenue, uulizie kesi ndogo ya kubeba diski nne. Utaonyeshwa kesi kubwa ya kioo yenye feni za taa za rangi, na ukiifungua utakuta nafasi mbili tu za diski kubwa, zimefichwa chini kama kitu cha aibu. Muuzaji hajakudanganya. Wanunuzi wake ni wachezaji gemu, na gemu haihitaji diski sita. Wewe unayetaka mahali pa kuhifadhi video za harusi, rekodi za kamera za ploti au picha za familia za miaka kumi ni mteja adimu, na kasha lako halikai rafuni likikungoja.

Hata hivyo linapatikana, kwa mojawapo ya njia nne: mtumba wa ofisi, kesi ya kuagiza, sanduku la fundi wa jua kali, au kuiacha kompyuta ilivyo na kuzipa diski makao yao pembeni. Ipi inakufaa, huwezi kujua kabla ya kujua diski zako ni za aina gani, zitaunganishwa wapi na zitakula umeme kiasi gani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mbali kidogo na kasha lenyewe. Kasha hununuliwa mwisho.

Hatua ya 1: Zijue diski zako

Weka diski zote mezani, pamoja na zile unazotarajia kuongeza kabla ya mwaka kuisha. Diski kubwa ya inchi 3.5, ile ya kompyuta za mezani na mashine za CCTV, ina urefu wa milimita 147, upana wa 101.6 na unene wa 26.1. Diski ndogo ya inchi 2.5, ya laptopu, ina urefu wa milimita 100 na upana wa karibu 70, ila unene wake hubadilika: SSD nyingi (diski zisizo na sehemu inayozunguka) ni milimita 7, za kuzunguka ni 7 au 9.5, na zile za terabaiti nyingi zinazotolewa ndani ya diski za nje hufika 15. Trei ya 9.5 haipokei diski ya 15, usukume usisukume. Ya tatu ni M.2, kijiti cha milimita 22 kwa 80 kinachokaa juu ya bodi kuu ya kompyuta yenyewe na hakikusumbui upande wa kasha.

Andika idadi ya kila aina, kisha ongeza nafasi moja ya ziada. Siku diski moja itakapoanza kufa utataka kuweka mpya kando yake na kunakili, na hapo nafasi ile moja itakuokolea usiku mzima.

Sasa jiulize kama kweli unahitaji diski kubwa. Ikiwa data yako yote haizidi terabaiti tatu au nne, SSD mbili au tatu za inchi 2.5 zinamaliza kazi, na nusu ya mwongozo huu unaweza kuiruka: hazipigi kelele, hazina joto la kutisha, hutumia volti 5 peke yake, na zinaingia hata kwenye kopo la biskuti ukiamua. Diski kubwa zinaanza kuleta maana pale unapozungumzia terabaiti kumi na kuendelea, kwa sababu bei ya kila terabaiti huwa chini sana kuliko ya SSD.

Kama bado hujanunua, uliza pia diski ni ya CMR au SMR, njia mbili tofauti za kuandika data kwenye diski ya kuzunguka. Mwaka 2020 ilibainika kwamba WD Red kadhaa za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa SMR, aina inayojikokota sana RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) inapojengwa upya. Tangu hapo WD Red Plus ndizo za CMR, na Seagate IronWolf nazo ni CMR. Barracuda za mezani za terabaiti 2 hadi 8 ni SMR. Zinafaa kuwekea nakala za akiba, hazifai RAID.

Hatua ya 2: Zitachomekwa wapi?

Kompyuta ndogo zinazotamba Nairobi ni zile za ofisi zilizoletwa zikiwa zimetumika, maarufu kama ex-UK: Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini. Ni mashine nzuri, hazili umeme, na bei yake haiumi. Lakini ndani kuna nafasi moja ya diski ya inchi 2.5 na M.2 moja au mbili, basi. Ukitaka diski nne una njia tatu.

Rahisi kuliko zote ni USB: kizimba cha diski mbili hadi tano chenye adapta yake ya umeme, kinachochomekwa USB 3. Kwa nakala za akiba na sinema kinatosha kabisa. Kwa RAID ya programu au ZFS (mfumo wa mafaili unaounganisha diski kadhaa) sikipendekezi, maana kebo ikiguswa kidogo au chipu ya kizimba ikijiwasha upya, diski zote hutoweka kwa pamoja na mfumo unadhani zimekufa.

Ninayoipenda zaidi ni adapta ya M.2 inayotoa poti za SATA, zile za kuchomekea diski za kawaida. Yenye chipu ya JMB585 inatoa poti tano, ya ASM1166 inatoa sita. Hakikisha M.2 ya kompyuta yako ni ya PCIe (njia ya kasi ya kuunganishia kadi), ile inayopokea SSD za NVMe; M.2 ya SATA pekee haitaitambua. Ukishaichomeka, nyaya tano za SATA zitataka kutoka nje na mfuniko hautafunga tena. Hapo ndipo haja ya kasha jipya inapozaliwa.

Ya tatu ni kadi ya PCIe, kwa bodi zenye nafasi hiyo. Kadi za seva zilizotumika za LSI 9211-8i hubeba diski nane, ila ziwe zimewekewa programu ya IT mode, inayoiachia kompyuta kila diski kivyake, na zipate upepo wa moja kwa moja. Zilitengenezwa kwa seva zenye feni za kupiga mayowe. Ukiiweka kwenye kijisanduku kisicho na hewa itachemka.

Mwenye Raspberry Pi 5, ile kompyuta ya bodi moja ndogo, ana hesabu yake. Ikiwa na adapta rasmi ya volti 5 ampea 5, poti zake zote za USB kwa pamoja hutoa ampea 1.6, ikiwa na adapta dhaifu zaidi, ampea 0.6. Diski moja ya laptopu inaweza kuvuta karibu ampea nzima inapoanza kuzunguka. Kwa hiyo diski mbili tayari ni kubahatisha, na tatu zinahitaji habu yenye umeme wake.

Ukijenga upya kabisa, tafuta bodi ya Mini-ITX. Ni mraba wa milimita 170, kipimo kilicholetwa na VIA mwaka 2001, na karibu makasha yote madogo ya diski nyingi yamepimwa kwa huo. Kuna bodi za Intel N100 kutoka China zenye poti sita za SATA; hizo zinakuepusha na adapta zote hizi.

Hatua ya 3: Umeme

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo twende polepole.

Kibandiko cha diski kubwa kinaonyesha kitu kama volti 12 ampea 0.5 na volti 5 ampea 0.6. Hicho ni chakula chake ikiwa imeshatulia. Inapoanza kuzunguka kutoka kusimama huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12, yaani wati 24, kwa sekunde chache. Diski nne zikiamka pamoja ni wati 96 kabla hujahesabu bodi. Sita ni 144. Adapta ya kompyuta ndogo ya ofisi mara nyingi ni wati 65, na haitoi volti 12 wala 5 bali 19 au 20. Diski kubwa haziwezi kula hapo.

Unahitaji pawasaplai ya kompyuta, na wati 300 za kweli zinatosha diski sita na bodi ndogo. Cha kuangalia ni umbo lake, kwa kuwa ndilo linaloamua kasha:

- ATX ya kawaida ni milimita 150 kwa 86, na urefu wa 140 au zaidi. Iko kila duka.
- SFX ni 125 kwa 63.5 kwa 100. Makasha mengi madogo yanataka hii, na si kila duka linayo. Itafute kabla ya kulipia kasha.
- Flex ATX ni nyembamba, 81.5 kwa 40.5 kwa 150. Kafeni kake kadogo kana kelele. Usiiweke chumba cha kulala.

Ukitaka kuiacha kompyuta ndogo na adapta yake, pawasaplai ya ATX ilishe diski peke yake. Inawashwa bila bodi kwa kuunganisha waya wa kijani (pini 16 ya kichwa cha pini 24) na waya wowote mweusi. Usitumie kipande cha waya kilichochomekwa vivi hivi. Kuna kifuniko kidogo cha kazi hiyo, au muombe fundi akuunganishie swichi. Washa diski kwanza, kompyuta baadaye. Unapozima, anza na kompyuta.

Luthuli utaona pia pawasaplai za CCTV za volti 12 ampea 10 kwa bei ya kuvutia. Ziache. Diski kubwa inahitaji volti 12 na 5 kwa pamoja, na kibati kile kinatoa 12 tu.

Tazama viunganishi. Adapta za kutoa umeme wa SATA kwenye Molex (kiunganishi cha zamani cha pini nne) ziko za aina mbili: zile ambazo plastiki imemiminwa juu ya nyaya ikawa kipande kimoja, na zile ambazo kila waya unaonekana ukiingia nyuma ya kichwa. Za kumiminwa zina sifa mbaya ya kushika moto, kwa sababu nyaya ndani huweza kusogeleana bila wewe kuona. Nunua za nyaya zinazoonekana, na usitundike diski nyingi kwenye mkia mmoja. Mbili au tatu kwa kila kebo inayotoka kwenye pawasaplai.

Ukiwa umebandua diski kubwa kutoka kwenye kasha la nje la USB, ukaifunga, isizunguke hata kidogo, usikimbilie kuitupa. Diski nyingi za namna hiyo zikipata volti 3.3 kwenye pini ya tatu ya umeme hujizima kwa makusudi. Kipande chembamba cha tepu isiyopitisha umeme juu ya pini hiyo kinamaliza tatizo, au ilishe kupitia Molex, ambayo haina volti 3.3.

Kuhusu tokeni: bodi ndogo na diski nne zilizotulia ni kama wati 40. Ikiwashwa saa zote, hiyo ni karibu uniti 29 kwa mwezi. Na kwa kuwa stima hupotea na kurudi kwa kishindo, tenga pesa ya UPS, betri ya kushikilia umeme, kabla ya kutenga ya kasha zuri.

Hatua ya 4: Tengeneza la katoni kwanza

Chukua katoni la duka, mkasi na selotepu. Kata vipande vya ukubwa wa bodi, wa pawasaplai na wa kila diski, ukunje hadi viwe na unene halisi. Vipange. Dakika ishirini za kazi hii zinafaa kuliko kuangalia picha mia moja za makasha.

Utakachogundua ni kwamba diski hazili nafasi, nyaya ndizo zinazokula. Nyuma ya kila diski acha milimita 40 za kebo ya SATA iliyonyooka, au 20 ukitumia kebo zenye kichwa cha kona. Angalia kona imepinda upande gani. Zilizopinda kuelekea chini hugongana na diski ya chini yake. Kichwa cha pini 24 cha pawasaplai kinataka sentimita tano hivi juu ya bodi. Kati ya diski na diski acha milimita 8 hadi 10 za hewa, ili kila diski kubwa ipewe kama milimita 35 kwenda juu. Diski nne basi ni ghorofa ya sentimita 14, sita ni 21.

Pima na mahali litakapokaa. Rafu nyingi za televisheni nilizopima zina kina cha sentimita 35 hadi 40, na kasha linahitaji sentimita kumi nyuma yake kwa nyaya na hewa.

Hatua ya 5: Sasa tafuta kasha

*Mtumba wa ofisi.* Anzia hapa. Maduka ya ex-UK katikati ya mji yana safu za mashine za mnara ambazo hakuna anayezitaka kwa sababu ni kubwa. Mashine za kazi nzito kama HP Z420 huja na trei tatu za diski kubwa pamoja na nafasi mbili za inchi 5.25 mbele, zile za DVD. Nafasi mbili za DVD zinapokea kizimba cha diski kubwa tatu; nafasi moja inapokea kizimba cha diski ndogo nne hadi sita. Ghafla mashine iliyokuwa ikipuuzwa ina makao ya diski sita, pawasaplai yake, feni zake, na kompyuta kamili ndani.

Ila kuwa macho. Usinunue mnara wa HP au Dell wa miaka ya karibuni ukidhani utatoa bodi yake na kuweka ya Mini-ITX, au kuhamishia bodi yake kwenye kasha lingine. Kampuni hizi hutumia viunganishi vyao vya umeme, vya pini sita au nane badala ya 24, na hata swichi ya kuwasha huwa na waya wa peke yake. Itumie ilivyo au iache. Ukitaka kasha la mtumba la kuwekea bodi ya kawaida, tafuta mnara wa kuungwa, usio na jina la kampuni, mabati matupu yenye mashimo ya ATX. Bodi ya Mini-ITX hufungwa kwenye mashimo yale yale. Muulize muuzaji bei ya kasha bila pawasaplai. Mara nyingi pawasaplai ya ndani imechoka na hutaki kuilipia.

Siku ya bahati utakutana na HP MicroServer Gen8: kijisanduku cha karibu sentimita 23 kila upande, trei nne za diski kubwa na pawasaplai ya wati 150 ndani. Ukiiona na trei zake zote nne zipo, usianze kupiga hesabu nyingi.

*Kuagiza.* Makasha yaliyotengenezwa kwa kazi hii hasa yako. Fractal Design Node 304 hubeba bodi ya Mini-ITX, diski sita na pawasaplai ya ATX ya kawaida. Hilo la mwisho ndilo linalolifanya lifae Nairobi, maana siku pawasaplai ikiungua unaipata mtaani kabla ya jioni. Jonsbo N1 na N2 hubeba diski kubwa tano na ndogo moja, N3 hubeba nane, zote kwa SFX. N2 ni dogo na la kupendeza, lakini feni ya prosesa isizidi kimo cha milimita 65. SilverStone DS380 ina nafasi nane za kuchomoa diski kwa mbele.

Kinachouma ni usafiri. Wasafirishaji wa ndege hulipisha uzito au ujazo, chochote kilicho kikubwa, na ujazo hupigwa hivi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Sanduku la sentimita 45 kwa 35 kwa 30 linahesabiwa kilo 9.45, hata kama kasha ndani lina uzito wa kilo tano. Muombe muuzaji vipimo vya sanduku la nje, si vya kasha, kisha upige hesabu mwenyewe kabla ya kulipa. Juu yake kuna VAT ya 16% na ada za forodha. Wakala anayekusanya mizigo na kutoza bei moja yenye kila kitu kwa kilo mara nyingi hukutoa jasho kidogo, mradi umuulize mapema kama kilo yake ni ya mizani au ya ujazo. Na ukiwa na ndugu anayerudi kutoka Ulaya au Dubai na begi lisilojaa, Node 304 ina sentimita 37 kwa 25 kwa 21. Inaingia begini, na nguo zinajazwa ndani yake.

*Fundi wa jua kali.* Kamukunji hutengeneza masanduku ya shule, sufuria na toroli mwaka mzima. Kukunja sanduku la mabati si jambo la kuwasumbua. Shida ni usahihi wa matundu, na hilo unalitatua kwa kutompa fundi karatasi ya vipimo bali vitu vyenyewe. Mbebee bodi mbovu ya ukubwa ule ule na diski iliyokufa, zote unazipata karibu bure kwa mafundi wa Luthuli. Aweke juu ya bati, apige alama kwa msumari kupitia matundu, atoboe. Bodi nzuri ibaki nyumbani.

Mazungumzo huenda hivi:

“Fundi, nataka sanduku la hii mashine. Bati la geji 18.”

“Hiyo ni nzito, boss. Nikuwekee 24, bei itashuka.”

“Hapana, diski zitatetemesha. Ya nje iwe 18, mfuniko unaweza kuwa 24.”

Geji 18 ni kama milimita 1.2, na unene huo haulii diski zikizunguka. Mpe pia haya: matundu ya ubavuni ya diski kubwa yako milimita 6.35 kutoka chini. La kwanza liko milimita 28.5 kutoka upande wa viunganishi, na la mwisho milimita 101.6 mbele yake. Diski nyingi mpya kubwa hazina tundu la katikati, kwa hiyo tegemea haya mawili ya mwisho. Skrubu za diski kubwa ni 6-32, za diski ndogo ni M3. Zinafanana machoni, lakini ukilazimisha moja mahali pa nyingine unaharibu nyuzi za diski.

Feni ya milimita 120 inataka tundu la duara na matundu manne ya skrubu yaliyoachana milimita 105. Ya 80 ni milimita 71.5. Mwambie fundi apige tupa kingo zote, kisha upitishe kidole mwenyewe kabla ya kulipa. Kila nyaya zinapopita penye bati weka raba ya kupitishia waya. Kirinyaga Road, kwa wauza vipuri vya magari, ziko za kila ukubwa. Rangi ipakwe baada ya matundu yote kutobolewa, na sehemu ambapo pawasaplai na vishikizo vya bodi vinagusa bati zibaki bila rangi, ili sanduku lote liunganishwe na ardhi. Ukifika nyumbani lifute kwa brashi na kitambaa chenye unyevu mpaka usione unga wa chuma. Chembe moja chini ya bodi inatosha kuichoma.

Kwa mtazamo wangu hii ndiyo njia bora kwa mwenye ThinkCentre Tiny au Raspberry Pi, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotengeneza kasha lenye umbo la mchanganyiko wako. Kwa mwenye bodi ya Mini-ITX haina faida kubwa; tafuta mtumba.

*Pembeni.* Toa kizimba cha diski kwenye mnara uliokufa, kile cha bati chenye ngazi za diski nne au tano, ukifunge na feni ya 120 mbele, ukiweke kando ya kompyuta ndogo, pawasaplai chini yake. Si cha kupendeza macho na watoto wasikifikie, lakini kinafanya kazi, na SATA inaruhusu kebo ya hadi mita moja. Fupi ni salama zaidi.

Hatua ya 6: Hewa na vumbi

Nairobi kuna ubaridi, na hilo hudanganya watu. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Feni inayosukuma hewa nyepesi hubeba joto dogo zaidi, kwa hiyo usitegemee feni moja ya milimita 40 kwa diski nne. Diski zenyewe hazina neno na mwinuko. Nyingi zimeidhinishwa hadi mita 3,048.

Feni ya 120 mbele ya diski, ikivuta hewa baridi kuingia ndani, inashinda feni tatu ndogo za nyuma. Hewa ipite kati ya diski. Ikipata tundu wazi kando itapita huko na kuziacha diski zikitokota, kwa hiyo ziba mapengo ya pembeni kwa kipande cha katoni ngumu au povu.

Vumbi la Embakasi au la barabara isiyo na lami litaziba feni ndani ya miezi. Kichujio cha sumaku ni kizuri ukikipata. Soksi ndefu ya kike iliyokazwa juu ya tundu la feni hufanya kazi ile ile, na huoshwa.

Diski za kuzunguka zikigusa bati moja kwa moja, sanduku zima hunguruma. Kata vipande vya duara kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, toboa katikati, viweke kati ya diski na bati kwenye kila skrubu. Usikaze hadi mwisho. Raba ibonyee kidogo tu.

Hatua ya 7: Funga na ujaribu

Usifunge mfuniko siku ya kwanza. Washa ikiwa na diski moja, kisha ongeza nyingine moja moja, ukizima kila mara. Mashine ikijizima au diski ikitoa sauti ya kugonga unapoongeza ya tatu, hatia ni ya umeme, si ya diski.

Kwenye Linux, iwe OpenMediaVault, TrueNAS au Debian tupu, amri ya `smartctl -a /dev/sda` inakupa hali ya diski ya kwanza; kwa zinazofuata andika sdb, sdc na kuendelea. Namba 194 ni joto. Iache ikinakili mafaili makubwa kwa saa mbili, kisha funga mfuniko na uendelee saa mbili zaidi. Ikikaa chini ya nyuzi 45 umemaliza. Ikipanda juu ya 50, rudi hatua ya 6. Kwa diski za mtumba tazama namba 9, saa ilizowaka. Mwaka mmoja mfululizo ni saa 8,760, na diski ya CCTV ya miaka mitano haitaficha. Namba 5 na 197, za sehemu mbovu na zinazoshukiwa, ziwe sifuri. Zikianza kupanda, rudisha diski dukani kabla garantii haijaisha.

Kabla ya kulirudisha kasha rafuni, bandika plasta nyeupe mbele ya kila diski na uandike herufi au tarakimu nne za mwisho za namba yake ya mfululizo (serial number). RAID ikikuambia diski fulani imeharibika, itaitaja kwa namba hiyo, na ukichomoa isiyo yenyewe unaweza kupoteza vyote. Kisha nunua diski moja ya nje, weka humo nakala ya vitu usivyoweza kuvipata tena, na uipeleke nyumba nyingine. RAID haikulindi na mwizi, wala na maji ya bomba la ghorofa ya juu.